Singida hadi Dar na bi mkubwa wa miaka 68: tufikie Kariakoo, Sinza au Kigamboni?

MwanaIkungi

Habari zenu wakuu, na kwa wakubwa shikamooni.

Disemba shule zikifunga nataka kumpeleka mama Dar. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na tangu azaliwe hajaiona bahari. Kila mwaka tunasema mwakani. Mwaka huu nimekata shauri. Tutakuwa wanne: mama, mimi, na wanangu wawili, wa miaka 9 na wa miaka 3. Siku nne tu.

Dar nimewahi kufika mara moja, 2014, nikalala Ubungo usiku mmoja na kugeuza. Nihesabuni mgeni.

Shughuli ni mbili. Kwanza bahari. Pili nina kiduka cha vifaa vya shule, nataka nichukue mabegi na soksi kwa bei ya jumla kabla ya Januari. Dada yangu anasema tufikie Sinza, kuna lodge nyingi na ni salama. Jirani anayefanya biashara anasema Kariakoo, mzigo uko mlangoni. Shemeji anasema Kigamboni, mama aamke anaiona bahari. Kila mmoja anawaona wenzake hawajui kitu.

Na usafiri: basi moja kwa moja, au basi hadi Dodoma halafu SGR, ile treni ya umeme? Nisaidieni kwa hoja, sio "njoo tu dada utapaona".


Duka la Makambako

Karibu dada. Mimi huja Kariakoo karibu kila mwezi, kwa hiyo nitasema ya Kariakoo, hayo mengine wenyewe watakuja.

Kwa mzigo hakuna mjadala, lala Kariakoo. Lakini usiku mmoja, ikizidi sana miwili. Kariakoo haina usingizi. Mkokoteni unapita saa tisa usiku, spika za matangazo zinaanza kabla hujanywa chai. Mama mwenye magoti atachoka, na lodge nyingi za kule ni ghorofa za ngazi. Omba chumba cha chini, na uombe kabla hujalipa, kwa sababu ukishalipa "chumba cha chini kimejaa".

Kununua: toka mapema, saa mbili na nusu uwe barabarani, siku ya katikati ya wiki. Zunguka kwanza bila kununua. Begi lile lile utalikuta maduka matano kwa bei tano. Mtaa wa Kongo una watu kama siafu, mkoba uwe mbele, simu isitoke. Ukipata mbeba mzigo usimwache akutangulie hata hatua kumi. Na dai risiti ya mashine kwa kila ulichonunua. Wengi wa mikoani wanaona risiti ni mambo ya muuzaji, wakati mnunuzi asiyedai risiti naye ana kosa kisheria, na mzigo ukikaguliwa njiani aliyeushika ni wewe.

Watoto na mama usiwapeleke sokoni. Waache lodge na katuni.


Mama Wawili wa Sinza

Dada yako yuko sahihi. Sinza ina lodge kila kona, chakula hadi usiku, duka la dawa halipo mbali, na bei inashikika. Mwaka jana nilimtafutia baba mdogo chumba chenye kiyoyozi kwa elfu arobaini, chini kabisa, gari linaingia getini. Kwa mzee hiyo "gari linaingia getini" ni kitu kikubwa kuliko kuona bahari dirishani.

Na usidharau kiyoyozi. Huko kwenu kuna upepo. Joto la Disemba huku lina unyevu, jasho halikauki, mtoto wa miaka mitatu atalia usiku kucha kwenye chumba cha feni inayozungusha joto lile lile.

Tahadhari moja: tembea uone jirani wa lodge kabla hujashusha mabegi. Sinza ina baa, na baa nyingine Ijumaa hufunga kukicha.


Kondakta Mstaafu

Nimepiga debe barabara ya Morogoro miaka mingi, ngoja niseme jambo ambalo wote mmelipita. Huyu dada anawauliza mtaa, nyie mnamjibu mtaa. Dar haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa saa unayotoka.

Basi la mikoani halimfikishi mjini siku hizi. Tangu 2021 linaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Hiyo Ubungo aliyolala 2014 isahauliwe. Kutoka Mbezi hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita ishirini, na basi la Singida likiingia jioni utaanza safari nyingine na mabegi na mama na mtoto kakulalia begani. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao, saa hizo ni kubanana hadi pumzi inakuwa ya zamu. Daladala vivyo hivyo.

SGR inaishia Stesheni ya Magufuli, katikati ya mji. Ukitoka pale Kariakoo ni pua na mdomo, na pantoni, kivuko cha kwendea Kigamboni, haiko mbali. Kwa hiyo maswali yako mawili ni swali moja. Ukija na basi, Sinza ndiyo karibu yako. Ukija na treni, Sinza ni kurudi nyuma kwenye foleni.


MwanaIkungi

Kondakta, hiyo sikuwa nimeiona kabisa. Asante sana baba.

Sasa hiyo treni gharama yake ikoje kwa watu wanne? Na nikileta kuku wawili wa zawadi?


Fundi Reli Mpenzi

Mimi si fundi reli, jina tu, ila napanda sana.

Dodoma–Dar treni ya kawaida ilianza 2024 kwa nauli ya 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya miaka 4 bure. Kwa hesabu hiyo wewe na mama 62,000, wa miaka tisa 15,500, mdogo anakaa mapajani: 77,500. Angalia nauli ya siku hiyo kabla hujapanga bajeti. Kwenye basi la Singida moja kwa moja unaweza kutumia hela kidogo zaidi au sawasawa, inategemea daraja la basi, lakini ni kama kilomita 700 za kukaa kitako. Treni inafika hadi 160 kwa saa, Dodoma hadi Dar ni saa tatu na kitu, nne zikizidi. Choo kipo humo humo. Mwenye magoti ananyoosha miguu, anatembea kidogo. Watoto watafurahia mahandaki ya upande wa Kilosa, mwanga unakatika ghafla.

Shida yake ni moja: treni haikusubiri. Basi lako la Singida likipata pancha Manyoni, tiketi imekwenda na maji. Ama mlale Dodoma usiku mmoja, ama mkate tiketi ya treni ya mchana na mtoke Singida alfajiri. Kata mapema, Disemba zinaisha. Vitambulisho mkononi.

Kuku hai usithubutu.


Mzaramo Halisi

Kuku wasipande SGR, wapande basi, wapokelewe na mimi Mbezi. Na mafuta ya alizeti lita tano. Nitakuwa nimevaa kofia nyekundu 😂


Pantoni Kila Siku

Kigamboni naiwakilisha, nimevuka kwenda kazini miaka kumi na moja.

Shemeji ana hoja ila hajaimaliza. Mama hawezi "kuamka anaiona bahari" kwa sababu tu analala Kigamboni. Kigamboni ni kubwa, ukipewa lodge ya bei nafuu ndani huko utaona michungwa na mbwa. Tafuta upande wa Mjimwema, na muulize mwenye lodge swali hili: kutoka getini hadi mchangani ni hatua ngapi kwa mguu wa mzee?

Halafu jambo ambalo watu wa bara huwa hawaambiwi: bahari haipo pale pale siku nzima. Inajaa na kupwa. Nimeshuhudia familia imetoka mbali, imefika ufukweni saa nne asubuhi, maji yamekimbia, wanatazama majani na mawe, bibi anauliza "ndiyo hii?" Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo tazama mwezi kabla hujakata tiketi. Ukija siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, jioni yote maji yako juu, jua halichomi tena, mama anaweka kiti mchangani mawimbi yanamfuata miguuni mwenyewe.

Pantoni: mia mbili kwa mtu, unavuka kwa dakika chache tu. Geti likifunguliwa watu wanakimbia kama wamefukuzwa. Usikimbie nao. Kaeni pembeni kundi lipite, halafu mama aingie taratibu. Kwa gari kuna Daraja la Nyerere, ila mkiwa mjini ni kuzunguka.


Mama Wawili wa Sinza

Na usiku mtoto akiugua Kigamboni? Unasubiri pantoni?


Pantoni Kila Siku

Dada, Kigamboni kuna hospitali, kuna maduka ya dawa, kuna hata watu 😄 Ila nakubali, anayekuja kwa kliniki ya Muhimbili asilale kwetu. Huyu anakuja kuona bahari.


Mwana Tanga

Mimi napinga safari nzima. Bahari unaweza kuiona Bagamoyo, kilomita kama sabini tu kutoka Dar, pametulia, kuna magofu ya Kaole, wavuvi wanaingia na mashua, hakuna foleni. Au Tanga. Kwa nini mzee wa magoti akapambane na Kariakoo?


Duka la Makambako

Na mabegi ya shule atayanunua kwa wavuvi?


Mwana Tanga

Haya, nimekaa.


Mzaramo Halisi

Sasa niseme bila utani kidogo. Coco Beach mwisho wa wiki mwachieni vijana. Ukienda katikati ya wiki jioni, mihogo ya kukaanga na kachumbari inatosha safari, lakini maji yakipwa pale ni miamba, watoto wasikimbie. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vizuri mno, ila boti inakushusha majini unatembea hadi nchi kavu. Mama wa magoti, hapana.

Ukiwa na asubuhi moja tupu, Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Huyo wa miaka tisa atakutana na habari za Zinjanthropus, yule wa kale aliyemsoma darasani, na magari waliyotumia viongozi wetu. Kuna kivuli, kuna pa kukaa. Samaki wa kukaanga soko la Feri baada ya hapo.

Na bajaji: patana bei kabla hujapanda, sio "tutaelewana mbele." Mbele hatuelewani.


MwanaIkungi

Wakuu, tumerudi. Nimeona si vizuri kuchukua ushauri nikapotea.

Tulipanda basi alfajiri hadi Dodoma, treni ya mchana, saa moja usiku tuko Dar. Mama njia nzima alikuwa amemshika mjukuu mkono, mwisho akasema treni hii haina hata kelele ya kumwambia mtu kwamba anasafiri. Handakini mdogo alipiga yowe behewa zima likacheka.

Usiku wa kwanza na wa pili Kariakoo, chumba cha chini (niliomba kabla ya kulipa, asante Makambako). Kelele ni kweli. Nilizunguka maduka saba kabla ya kutoa hela, na begi la watoto wa chekechea lilipishana shilingi 3,500 kati ya duka la kwanza na la sita. Risiti ninazo zote. Mzigo nimeutuma kwa basi.

Kisha tukavuka Kigamboni, usiku mmoja. Sinza hatukufika, dada yangu amenuna. Mama Wawili nisamehe, ila kiyoyozi nilikizingatia. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili. Saa kumi na moja jioni maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye minazi. Mama alikaa akatazama, akaonja akatema, akasema chumvi yote hii na dukani mnatuuzia. Dakika kumi. Baadaye akauliza ile meli tuliyokuja nayo inarudi saa ngapi.

Yaani pantoni. Asubuhi ya mwisho tuliacha makumbusho. Tumevuka na kurudi mara tatu kwa mia mbili mbili, yeye ameshika chuma anatazama magari yanavyopangwa na yule kijana anayepiga filimbi. Anamjua sasa hivi kuliko anavyonijua mimi. Nyumbani Ikungi kila anayekuja kumsalimia anasimuliwa pantoni, bahari inatajwa kama barabara yake.

Hasara: bajaji ya kutoka stesheni usiku ule, nilichoka nikasema "tutaelewana mbele." Elfu kumi na mbili kwa umbali ambao asubuhi niliutembea kwa miguu.


Mzaramo Halisi

Nilikwambia. Na kofia nyekundu niliivaa Mbezi siku mbili, alizeti sijaiona.