Neno moja la mkazo kutoka maneno mawili: msaada wa bango la smocha

Mchoraji_Nakuru
Wajuzi wa lugha, naomba msaada. Kuna bango la kibanda cha smocha (chapati iliyokunjiwa soseji ya smokie) karibu na steji. Mwenye kibanda anataka neno moja jipya lenye nguvu, kama Waingereza walivyobananisha gigantic na enormous wakapata ginormous. Kubwa na pana imenipa "kupana". Tamu na safi imenipa "tafi". Kali na kabambe, "kalambe". Nafasi ni ya herufi kumi tu. Nipake lipi?

Mwalimu_Kakamega
Usipake hata moja. "Kupana" itasomwa kama kitenzi, maana ku- ikikaa mwanzoni jicho linatarajia kitendo: watu kupana vitu. "Tafi" ni samaki wa Pwani. Hapo Nakuru huenda hakuna atakayeshtuka, ila Mmombasa akipita atauliza kama ni wa kukaanga. "Kalambe" nayo ni amri, yaani nenda ukalambe. Ungekuwa mkokoteni wa aiskrimu ningekuambia upake leo.

Kosa ni kukata mno. Mtu akikutana na neno lililohulutishwa, yaani lililoundwa kwa kubananisha maneno mawili, lazima ayasikie yote mawili bila kuelezwa. Ginormous ilishika kwa sababu enormous imebaki karibu nzima: e imetoka, gi- imeingia, silabi zikabaki tatu. Huku kwetu mfano safi ni Uhuruto ya 2013, jina la tiketi ya Uhuru Kenyatta na William Ruto. Hiyo "ru" ni mwisho wa Uhuru na vilevile mwanzo wa Ruto, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Basi anza kwa kutafuta silabi ambayo maneno yote mawili yanayo, au inayofanana. Ikikosekana, neno la pili libaki na silabi zake mbili za mwisho angalau, kwa kuwa shadda (mkazo wa sauti) ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho na hapo ndipo sikio hulitambulia neno.

Smocha yenyewe imekatwa sana, smokie na chapati, lakini chakula kiko mkononi mwa mlaji. Sifa haina bahati hiyo.

Dala_Kisumu
Mimi nauliza, kwa nini kujisumbua? Kiswahili huhulutisha ili kipate majina ya vitu: chajio (chakula cha jioni), chamcha (chakula cha mchana), Tanzania ya 1964. Mkazo una njia zake. Nyeupe pe, nyeusi tititi, kujaa pomoni. Ukubwa nao tunaupandisha kwenye nomino: nyumba ikizidi ni jumba, mtu ni jitu. Paka "JISMOCHA", herufi nane, kila mtu ataelewa.

Ila asikudanganye mtu uandike "tamu tamu". Kurudia sifa mara nyingi huipunguza: nyekundu nyekundu haijawa nyekundu kamili, na mjinga mjinga ana nafuu kuliko mjinga.

Mchoraji_Nakuru
Jismocha ni nzuri, lakini mteja anang'ang'ania sifa, na smocha zake ni za saizi ya kawaida. Je, "kalibambe"?

Mwalimu_Kakamega
Hiyo sasa inasimama. Kali iko nzima, kabambe imepoteza ka- tu, na ka- hiyo tayari imesikika mwanzoni. Herufi tisa. Vijana watasikia pia "inabamba", yaani inapendeza kwa Sheng, faida ya bure.

Mpangilio wako una bahati nyingine. Kali hubadilika: mkali, vikali, wakali. Kabambe haibadiliki: kipindi kabambe, vipindi kabambe. Ukilichukulia neno jipya kama kabambe, kalibambe itakaa na nomino yoyote bila kuvaa kiambishi. Ungegeuza ukaanza na kabambe, ungepata "kabakali", halafu mtu aanze kusumbuka: vitu kabakali au kabavikali?

Dala_Kisumu
Nakubali, kwa sharti moja. Liandike "SMOCHA KALIBAMBE", nomino mbele, hata kama smocha itapakwa juu kwa herufi ndogo. Likiachwa peke yake litasomwa ka-li-bambe, nenda ukalikamate, na tumerudi kwenye kalambe.

Mchoraji_Nakuru
Smocha inakwenda juu, nyekundu. Asanteni.