Vyama vya wanasayansi na wanaobaki mlangoni: tupeane uzoefu

Bunsen_wa_Moro: Wakuu, msimu wa kutuma ikisiri za mikutano umeanza na kila chama kinaandika "wote mnakaribishwa". Tuseme basi kinachowaacha watu nje: weusi kule Marekani, wanawake, wenye ulemavu, wa huku wakitaka kwenda kule. Kulalamika tupunguze, leteni mbinu.

Kipimajoto: Anza na ada. Vyama vingi vya kimataifa hutoa punguzo kwa kufuata madaraja ya kipato ya Benki ya Dunia, na madaraja hayo hupitiwa upya kila Julai. Tanzania ilipandishwa kuwa kipato cha kati cha chini Julai 2020. Nchi ikipanda, punguzo linapungua, mshahara wa mhadhiri uko palepale. Chama kitoze kwa kipato cha mwanachama, siyo cha nchi yake. Na kisilazimishe kadi ya benki peke yake.

Dada_Pipeti: Hiyo kadi imeua wengi.

Mzee_Viza: Ada ni mchezo, shughuli iko ubalozini. Mwaka 2018 NeurIPS, mkutano mkubwa wa akili bandia, ilifanyika Montréal, Kanada. Wengi waliotarajiwa kwenye warsha ya Black in AI, kundi la watafiti weusi wa akili bandia lililoanzishwa 2017 na Timnit Gebru na Rediet Abebe, walinyimwa viza. Makala imekubaliwa, mwenye makala kakataliwa! ICLR, mkutano mwingine wa fani hiyo, ya 2020 ilipangwa Addis Ababa, korona ikaihamishia mtandaoni. 2023 ndipo ikatua Kigali. Waandaaji, barua ya mwaliko isianze na "mpendwa mshiriki". Itaje jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, kichwa cha makala, tarehe za kufika na kuondoka, nani analipa tiketi, nani analipa malazi, na simu ya mtu atakayepokea ubalozi ukipiga. Majibu ya makala yatoke miezi minne kabla. Mkiyatoa wiki sita kabla, anayesubiri miadi ya viza mmeshamkata. Tena kateni tiketi wenyewe. "Lipa kwanza tutakurudishia" maana yake usije.

Hesabu_Chungu: Nyie mnaongelea viza, Nashville, Marekani, 1951 watu walikuwa mji uleule. Ulikuwa mkutano wa kanda wa Mathematical Association of America, chama cha wanahisabati. Lee Lorch, mzungu, mkuu wa idara ya hisabati Fisk, chuo cha weusi cha hapohapo Nashville, alikuwa na wenzake watatu weusi. Mmoja ni Evelyn Boyd, shahada ya uzamivu ya Yale, 1949. Ilipofika karamu, nafasi zao wote wanne zikakataliwa. Wanne hao wakaviandikia vyama vikubwa vya hisabati wakidai katiba zipige marufuku ubaguzi, kwa maandishi. Maana katiba ikiwa kimya, mwenye hoteli ndiye anayeamua. Kwa hiyo kabla ya kusaini ukumbi, wekeni kifungu: mshiriki yeyote akinyimwa huduma, chama kinavunja mkataba na kurudishiwa amana yote. Kisomeke wazi kuwa kinahusu chakula na vyumba, siyo ukumbi tu.

Dada_Pipeti: Kwenye karamu hapo ndipo penyewe. Majina ya kamati hupangwa kwenye sahani ya pilau, ukumbini mnapiga makofi tu.

Kipimajoto: Tengeni viti maalum kwenye halmashauri, kesi imeisha.

Maabara_254: Viti maalum tena? Mtu ataitwa "yule wa viti maalum" mpaka atoke. Kwetu Kenya katiba ya 2010 imesema jinsia moja isizidi theluthi mbili, na bunge bado linapiga chenga.

Kipimajoto: Kwa hiyo bila viti mmepata nini?

Maabara_254: Nimesema viti vibaya? Nimesema anza na kamati ya uteuzi. Anayepanga majina ya wagombea ndiye mwenye chama.

Hesabu_Chungu: Mnagombana bure, vyote vinahitajika. Ila kiti kimoja ni kumchosha mtu, kila kamati itamtaka yeye. Wekeni viwili kwa uchache, na asipewe kamati zaidi ya mbili.

Retoti: Mmesahau tuzo. Mwaka 1902 Hertha Ayrton, mwanafizikia, alipendekezwa kuingia Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, wanasheria wakasema mwanamke mwenye mume hastahili. Mwaka 1906 wakampa medali ya Hughes! Wanawake wa kwanza kuingia, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, ni 1945. Siku hizi kizuizi ni fomu: mpendekezaji sharti awe mwanachama wa ngazi ya juu, naye anawajua wa kwake. Kamati ihesabu majina mwezi mmoja kabla ya dirisha kufungwa. Yakiwa ya aina moja, itafute wapendekezaji. Na jina lisiloshinda libaki hai miaka mitatu, barua zisianze upya.

Mzee_Viza: Au fomu iwe ukurasa mmoja.

Retoti: Fomu fupi hupitisha majina makubwa, mzee. Asiyejulikana anahitaji nafasi ya kuelezwa.

Dada_Pipeti: Mnaoficha majina ya waandishi kwa wahakiki, msifute ukurasa wa kwanza tu. Fungua sifa za faili (properties), jina lako limekaa humo. Na ile "kama tulivyoonyesha awali" inakutaja vilevile.

Bunsen_wa_Moro: Sifa za faili! Ngoja nikaangalie, nimetuma jana.