Watu wanaingia kwa fujo ila hawakai, tuendelee kumwaga hela kwenye matangazo?

mwanzilishi_mpya:
Wakuu habari zenu. Tuna apu ya kurekodi matumizi ya hela, tuko wawili, mimi naandika programu yenyewe na mwenzangu yuko upande wa masoko. Kila mwezi watu wapya wanaingia wengi tu, grafu ya waliopakua inapanda mpaka raha, lakini wanaoitumia kweli wamegota palepale miezi sasa. Mwenzangu anataka tuongeze bajeti ya matangazo, mimi nasema tuzime kwanza turekebishe apu, na yeye ananijibu bila watu wapya tunakufa, hoja ambayo nayo siwezi kuipinga hivihivi. Nani yuko sahihi? Na tafadhali msiniletee ile habari ya ndoo inayovuja, nishaisikia mpaka basi.

dada_data:
Haya ndoo tunaiacha, tupige hesabu. Chukulia unaingiza watu 1,000 kila mwezi na kila mwezi 20% ya ulionao wanaondoka. Ukifika 5,000 wanaoondoka nao ni 1,000, basi hapo ndo umegota hata ufanyeje. Kufika 10,000 una njia mbili, uingize 2,000 kila mwezi au wanaoondoka washuke mpaka 10%. Mnafika palepale, ila ile ya kwanza unailipia kila mwezi bila mwisho na siku ukikata hela unaanza kurudi chini. Mwenzio anaangalia jumla ya waliopakua, sasa hiyo namba haishuki hata apu ikifa!

mtu_wa_masoko:
Hesabu nzuri dada ila watu hawaondoki kwa kasi moja hivyo, wengi wanakimbia siku za mwanzo, wakivuka hapo wanatulia. Kwa hiyo mkuu wagawe kwa mwezi walioingia, kila kundi uliangalie peke yake wiki kwa wiki. Mstari wa waliobaki ukishuka halafu ukatulia, hata kama umetulia chini, kuna watu apu inawafaa, unaweza kuongeza matangazo taratibu. Ukiendelea kushuka tu mpaka karibu na sifuri, hapo unachoma hela. Alafu usichanganye walikotoka, aliyefuata tangazo la zawadi na aliyeambiwa na rafiki yake ni watu wawili tofauti kabisa. Na mwenzio namtetea kidogo, ukizima kila kitu hayo marekebisho utayapima kwa nani? Wa zamani washazoea ubovu wa apu yenu. Acha wachache waendelee kuingia.

mkongwe_wa_apu:
Quibi, ile apu ya video fupi za kulipia, walichangisha dola bilioni 1.75, wakazindua Aprili 2020 na siku 90 za bure, Desemba mwaka huohuo washafunga. Matangazo yalikuwepo ya kumwaga, watu hawakuona sababu ya kubaki. Facebook nao enzi za mwanzo waliona mtu akipata marafiki 7 ndani ya siku 10 anabaki, nguvu zikaenda kumfikisha hapo haraka. Usikopi hiyo 7, tafuta ya kwako. Chukua waliobaki na walioondoka, angalia wiki ya kwanza walitofautiana nini. Ila kuwa mwangalifu, anayerekodi kila siku labda ni mtu makini tu tangu zamani, ukimlazimisha mwingine afanye hivyo atakukimbia mapema zaidi.

mwanzilishi_mpya:
Nimechungulia data. Wengi wanaishia skrini ya kupanga bajeti, tumeweka makundi kibao, chakula, nauli, kodi ya nyumba na mengine, na kila moja unaliwekea kiasi kabla hujarekodi hata kitu kimoja. Waliobaki karibu wote walibonyeza yale maandishi madogo ya "baadaye" kule chini kabisa, ambayo hata mimi nilisahau kama yapo.

dada_data:
Si ndo hiyo sasa! Mtu arekodi matumizi yake ya kwanza kabla hata ya kufungua akaunti, bajeti ataiweka akishakuwa na kitu cha kuangalia. Kisha linganisha watakaoingia baada ya hapo na hawa wa sasa, chanzo cha tangazo kiwe kilekile, usije ukasifia skrini kumbe ni tangazo. Na msiwagande na notifikesheni kila asubuhi, grafu itapanda kidogo halafu watazizima zote.

mwanzilishi_mpya:
Shukrani sana. Mwenzangu kasoma yote, kakubali kupunguza matangazo, sio kuzima. Notifikesheni bado tunabishana.