Kifungua mimba aende Duluth, au aanzie chuo cha jamii hapa nyumbani?

Shangazi wa Brooklyn Park

Nimekaa Minnesota, huku Marekani, miaka 19, na kila mwezi wa nne ugomvi uleule hurudi katika nyumba zetu. Mwaka huu umefika kwa kaka yangu. Binti yake, kifungua mimba, amepata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kikuu cha serikali kule Duluth, zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka hapa Brooklyn Park. Kaka na wifi yangu wanataka abaki: aanzie chuo cha jamii kilicho karibu, asome miaka miwili akilala kwao, kisha ahamie chuo kikuu. Binti halali vizuri. Nimeombwa ushauri kama shangazi, na kwa kuwa jambo hili si la nyumba moja, nalileta tulijadili.

Msimamo wangu siuzungushi: aende Duluth.

Wengi wataanza na karo, kwa hiyo nianze nayo. Tangu muhula wa vuli wa 2024 jimbo letu lina mpango wa North Star Promise. Familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka hailipi karo katika chuo chochote cha umma cha jimbo, kiwe cha jamii au kikuu. Ruzuku nyingine hutangulia, mpango humalizia kinachobaki. Kwa kaka yangu, basi, karo ni sifuri Duluth na sifuri hapa. Bweni na chakula ndivyo vinavyobaki, na hizo ni pesa nyingi. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaruhusiwa kukopa serikali kuu hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 mwaka wa pili. Akikopa zote, amejitwisha deni la dola 12,000 ambalo angeliepuka kwa kulala nyumbani.

Swali langu ni moja: hizo dola 12,000 zinamnunulia nini? Mimi nasema zinamnunulia saa zake.

Binti huyu ndiye mkalimani wa nyumba. Baba ana miadi ya daktari, aitwe yeye. Barua ya bima imekuja, aisome yeye. Wifi anafanya zamu ya usiku kwenye makao ya wazee, kwa hiyo wadogo zake watatu huamshwa, hulishwa na kusindikizwa kwenye basi la shule na yeye. Tulimsifu kuwa ana adabu, na ni kweli anayo. Lakini mitihani ya hesabu za uhandisi haiulizi adabu. Akibaki nyumbani hakuna atakayekusudia kumwonea. Ila atakuwepo, na aliyepo ndiye anayetumwa.

Nasema haya kwa sababu nilipita njia hiyo. Nilianzia chuo cha jamii nikiishi kwa mjomba, na digrii ya miaka minne niliipata baada ya miaka tisa. Walimu walikuwa wema, madarasa madogo, nikikwama nasaidiwa. Chuo hakikunikosea chochote. Muda wangu uliishia sebuleni na kwenye gari la mjomba.

Tena si mimi peke yangu. Marekani nzima, kati ya wanafunzi 10 wanaoanza chuo cha jamii, karibu 8 husema lengo lao ni digrii ya miaka minne. Wanaofika kuhamia chuo kikuu ni kama theluthi. Ikipita miaka sita, wenye digrii mkononi ni kama 16 kati ya 100. Kila mzazi anayesema "ataanzia hapa kisha atahamia" aitazame hiyo "kisha" kwa makini.

Baba wa Wanne

Dada, heshima yako, lakini hizo takwimu umezisoma upande mmoja. Katika hao 100 kuna mama mwenye watoto wawili anayechukua somo moja kwa muhula. Kuna baba wa miaka 40 anayefanya kazi kiwandani usiku. Kuna waliotaka cheti cha uchomeleaji, wakakipata, wakaenda zao kazini. Binti wa miaka 18 aliyefaulu vizuri na atakayesoma muda wote si wa kupimwa kwa kipimo hicho.

Chuo cha jamii cha umma cha kwanza kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, kwa ajili ya vijana waliotaka kusoma elimu ya juu bila kuhama mji wao. Kumbe hata Wamarekani wenyewe waliona kuna watoto wasiofaa kung'olewa nyumbani mapema.

Mwanangu wa pili tulimpeleka mbali, kwenye jimbo jingine. Mwezi wa pili akaacha kupokea simu. Mwaka wa pili akarudi na deni, bila digrii, na krediti (pointi za masomo aliyomaliza) chache za kuhesabika. Hakuna aliyegundua kwamba haingii darasani, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwona. Ningekuwa naye mezani jioni ningeujua uso wake kabla mambo hayajaharibika. Wewe unasema nyumba inakula saa za mtoto. Mimi nasema nyumba pia humlinda.

Na kuhama ndani ya Minnesota si bahati nasibu. Kuna mtaala wa pamoja wa krediti 40 katika maeneo 10 ya masomo. Ukiukamilisha katika chuo kimoja cha umma, vyuo vingine vya umma vya jimbo vinaupokea mzima.

Mhandisi Kijana

Baba, pole sana kwa yaliyompata kijana. Huo mtaala wa krediti 40 upo na ni mzuri, lakini ni wa masomo ya jumla: uandishi, historia, sayansi ya jamii. Uhandisi ni mnyororo. Kalkulasi ya kwanza hufungua ya pili, ya pili hufungua ya tatu, na fizikia inasubiri hapo katikati. Ukikosa kiungo kimoja muhula wa kwanza, miaka miwili inaisha una krediti 60 kamili, halafu kwenye uhandisi unaanza kama mtoto wa mwaka wa kwanza.

Ndivyo ilivyonitokea. Mshauri wa masomo wa chuo nilichoanzia, sikitaji, alinijazia ratiba kwa masomo ya jumla kwa nia njema kabisa. Nilipohama yalihesabiwa yote, hakuna lililokataliwa, na bado nikahitaji miaka minne mingine. Krediti zinaweza kupokelewa na zisikusogeze hata hatua. North Star Promise nayo ina kikomo cha krediti 120 kwa digrii ya kwanza, hivyo ukizichezea mwanzoni, mwishoni unalipa mwenyewe.

Mwaka 2017 GAO, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, ilikadiria kuwa wanaohama chuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Najua hesabu hiyo imechanganya vyuo vya kila aina, vikiwemo vya binafsi, na kati ya vyuo vya umma hali ni nafuu. Nafuu tu.

Kama lazima abaki, aombe kwa maandishi, kabla ya muhula wa kwanza, orodha ya masomo ambayo idara ya uhandisi anakotaka kuhamia itayahesabu kama masomo ya uhandisi. Ya idara yenyewe, siyo ya chuo anachoanzia.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Angekuwa anasomea uuguzi ningempinga Shangazi moja kwa moja. Kuna muungano wa vyuo vya jamii na Chuo Kikuu cha Metropolitan State, unaitwa MANE, ambapo mtu hukamilisha digrii ya uuguzi akiwa kwenye kampasi ya chuo chake cha jamii. Mtaala umepangwa toka mwanzo, hakuna cha kukisia. Kwa uhandisi namwachia Mhandisi.

Wenye watoto wa darasa la 11 na la 12, ulizeni shuleni kuhusu PSEO. Tangu 1985 sheria ya Minnesota inamruhusu mwanafunzi wa sekondari kuchukua masomo ya chuo bila kulipa karo wala vitabu. Inaniuma kuona watu wetu wanaijua mtoto akiwa tayari amemaliza.

Mama wa Uvira

Mnajadili kama vile mama wa huyo binti hayupo. Mimi ndiye huyo mama. Siyo yeye, lakini ndiye mimi. Tulitoka Uvira, tukakaa kambini Nyarugusu, tukafika hapa na watoto watano. Kiingereza changu ni cha dukani. Binti yangu mkubwa ndiye aliyesoma mkataba wa nyumba, ndiye aliyeongea na walimu wa wadogo zake, ndiye aliyeeleza daktari damu yangu ilivyopanda. Shangazi, unasema saa zake zinaliwa. Kweli. Lakini saa hizo ndizo zilitusimamisha. Akiondoka, barua ile ya bima nani ataisoma? Kijana wa miaka 13? Mtoto akienda na mama akianguka, huko Duluth atasoma kwa moyo gani?

Sisemi asiende. Nasema msimtoe nguzo bila kuweka nguzo.

Shangazi wa Brooklyn Park

Mama, umenigusa pale niliporuka. Niliandika kuhusu saa za binti bila kusema nani atazibeba.

Moja lina jibu la sheria. Hospitali na kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani wa Kiswahili bure, kwa simu au ana kwa ana, na haitakiwi kumtumia mtoto mdogo isipokuwa dharura. Unapopanga miadi, sema lugha yako hapohapo, iandikwe kwenye faili. Kaka yangu hajawahi kusema hata mara moja, kwa sababu binti alikuwepo. Yule kijana wa miaka 13 asirithishwe kazi hii.

Ya pili haina sheria, ina watu. Jana nilimpigia wifi. Nimemwambia Jumanne na Alhamisi asubuhi nikitoka kazini napitia kwao, nawapeleka watoto kwenye basi. Barua zote ziwekwe kwenye kikapu kimoja, Jumamosi tunazisoma mimi na yeye. Siku tatu zilizobaki bado zina pengo, na nimewauliza akina mama wawili wa kanisani. Mmoja amekubali Jumatatu.

Baba wa Wanne, la mwanao nimelichukua. Mwanafunzi anaweza kupotea mbali bila mtu kujua, na mimi nilikuwa nalichukulia jambo hilo kwa wepesi. Nimekubaliana na binti kwamba kila Jumapili jioni tutaonana uso kwa uso kwenye simu, na matokeo ya kila mtihani wa kwanza wa muhula ananionyesha, mazuri au mabaya. Amekubali kabla sijamaliza sentensi.

Bado nasema aende. Mhandisi amenipa sababu ambayo sikuwa nayo, ile ya mnyororo, na nitaomba binti amweleze baba yake kwa mdomo wake, somo kwa somo. Kaka hajajibu. Kikao ni Jumapili baada ya ibada, na chuo kinataka jibu kufikia tarehe 1 Mei. Mwenye hoja ya kunipinga ailete kabla ya hapo. Na mwenye asubuhi ya Jumatano au Ijumaa huku Brooklyn Park, aniambie.