Waliotufungia simu za IP hapa Dodoma wameua faksi yetu, sasa wanataka tuwalipe tena

Wakuu, salaam. Mwenye ofisi hapa Dodoma anayetaka kufungiwa simu za IP, yaani simu zinazopita kwenye mtandao, asome huu uzi kabla hajasaini chochote.

Ofisi yetu iko Kizota, tunafanya biashara ya ufuta. Mzigo tunaukusanya Kondoa na Manyoni, na mnunuzi wetu mkubwa yuko Japani. Huyu hapokei hati ya mzigo mpaka imfikie kwa faksi, ina sahihi na muhuri. Ndiyo utaratibu wa ofisi yake, analipa kwa wakati, sina ugomvi naye. Miaka yote faksi ilikaa kwenye laini ya mezani ya kawaida na haikuwahi kutusumbua.

Ikaja kampuni ya mitambo, ikang'oa swichibodi ya zamani. Kwenye proforma waliandika wenyewe: kusanidi laini ya faksi. Hela ya mstari huo tulilipa.

Tangu siku hiyo ni balaa. Tukituma, upande wa pili wanapata kichwa cha barua na mistari michache, kisha laini inakatika na mashine yetu inatoa ile karatasi ya ripoti ya hitilafu. Wakituma wao ndiyo kabisa: faksi yao inapokelewa na sauti iliyorekodiwa, "karibu, bonyeza moja kwa mauzo". Mashine haibonyezi kitu! Inasubiri mlio wa faksi mwenzake, haiusikii, inakata. Namba ya faksi ilitakiwa iende moja kwa moja kwenye mashine bila kupita kwenye sauti hiyo. Hilo nalo linahitaji profesa?

Fundi wao akasema tatizo ni mtandao. Uongo. Nimefungua mipangilio ya adapta wanayounganishia faksi, nikakuta wameiweka kwenye G.729, njia mojawapo ya kubana sauti ya simu. Hiyo inaibana sauti mpaka kilobiti 8 kwa sekunde, wakati laini ya kawaida ni 64. Ilitengenezwa kwa maongezi ya watu, kwa hiyo ukipiga simu unasikilizana vizuri tu. Faksi inatuma data kwa milio ya modemu, na milio hiyo ikishabanwa hivyo mashine ya upande wa pili haiwezi kuisoma. Kila anayefunga mitambo hii anatakiwa kulijua hilo.

Na dawa yake ipo. Kiwango cha T.38 kimetengenezwa kwa ajili ya faksi kwenye mtandao tangu 1998, na kwenye adapta yetu kipo, wamekizima tu. Kama mtoa huduma wa laini hakikubali, unaweka G.711 isiyobana, unazima vipengele vya kuondoa mwangwi na kukata ukimya, unashusha kasi ya mashine hadi biti 9600 kwa sekunde. Ikishindikana kabisa, faksi inarudishiwa laini yake ya mezani, inaachana na swichibodi.

Upande wa adapta nimebadilisha. Swichibodi yenyewe siwezi kuigusa, wameifunga kwa nenosiri lao na hawataki kutupa. Mtambo tumenunua sisi, risiti ni yetu, funguo wanakaa nazo wao! Badala ya nenosiri wametuletea proforma nyingine, eti "moduli ya faksi". Na bosi wao ananiambia faksi imepitwa na wakati, tutumie barua pepe. Nani kamuuliza? Angesema hivyo kabla ya kuchukua hela ya kuisanidi.

Wakati huo mzigo umekaa ghalani ukisubiri hati, na wakulima wananipigia wakiulizia malipo yao.

Malipo ya mwisho ya hiyo kampuni ya mitambo nimeyazuia na hayatoki mpaka nikabidhiwe nenosiri na faksi ipite ukurasa mzima, kwenda na kurudi. Mwenye kumjua fundi aliyewahi kusanidi T.38 kwa mikono yake, awe Dodoma au hata Singida, anitumie ujumbe. Na wanasheria mliomo humu: mkandarasi kukatalia nenosiri la mtambo uliokwishalipiwa, naanzia wapi?