Kasha la njumu (misumari ya shaba ya mapambo): la kale kweli au limezeeshwa? Tulinganishe A na B

Mpenda_Njumu
Wakuu, dalali mmoja Mji Mkongwe ana makasha mawili. A: urefu sm 130, mbao nyeusi-nyeusi nzito, droo tatu chini, njumu zimejaa mbele na juu. Anasema ni la Surat, India, mwaka 1850. B: sm 95, limechongwa maua, njumu chache, bei nusu ya A. Anasema ni la msaji (mtiki), "la Zanzibar asili". Nina picha za mbele tu. Lipi la kale, na limetoka wapi?

Fundi_Msaji
Mbele ndiko kunakopambwa, kwa hiyo mbele ndiko kunakodanganya. Pindua kasha.

Kwanza asili. Makasha mengi yanayoitwa ya Zanzibar yalitengenezwa Bara Hindi yakaja na majahazi ya kaskazi. "Surat", "Bombay" na "Shirazi" sokoni ni majina ya mitindo, si vyeti vya kuzaliwa. Lenye njumu tele na droo huitwa la Surat hata kama limeundwa juzi.

Anza na ubao wenyewe. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana. Msaji una mafuta mkononi na harufu kama ya ngozi, na ukitazama ncha ya ubao iliyokatwa utaona pete za ukuaji. Mvule hauna pete za wazi, na mara nyingine una vijiwe vyeupe ndani vinavyovunja meno ya msumeno. Sesemi, mbao ya Kihindi, ni nzito, ina michirizi ya zambarau na nyeusi. Kasha la mvule kwa kawaida limeundwa Afrika, hata kama nakshi ni ya Kihindi.

Tumbuu
Naongeza alama za msumeno, chini na nyuma ya droo ambako randa haikupita. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana nafasi. Msumeno wa duara huacha mapinde. Ila msijidanganye: huku kwetu mbao zimepasuliwa kwa mkono hadi karne ya 20, kwa hiyo mistari iliyonyooka haithibitishi uzee. Mapinde ndiyo yanayoitia shaka hadithi ya 1850.

Skrubu nazo. Zenye ncha kali zilienea kuanzia katikati ya karne ya 19. Za kabla ya hapo ni butu, na mfereji wa kichwani mara nyingi umeenda upande. Skrubu ya msalaba ni ya miaka ya 1930 kuja huku. Ukiikuta, usiseme haraka "feki": ing'oe. Kama chini yake kuna tundu la zamani lililozibwa, bawaba imebadilishwa tu. Tundu moja safi lenye mbao nyeupe ndani, hilo ni kasha jipya.

Mzee_wa_Patasi
Chukua sumaku. Shaba ya njano haishikwi na sumaku, lakini misumari mingi ya siku hizi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Pima kila upande, si msumari mmoja.

Rangi ya uzee pia hupikwa. Siki iliyolowekwa stilwuli huifanya mbao iwe nyeusi kwa dakika chache, na pamanganeti huipa ukahawia. Dalili ni usawa: rangi ile ile juu, chini, ndani ya droo, hadi kwenye nyufa. Uzee wa kweli huchagua mahali. Ukingo wa kifuniko umelainika kwa mikono, reli za droo zimelika, sakafu ya ndani ni kavu haina vanishi.

Matundu ya bungua, mdudu anayekula mbao: ingiza waya mwembamba. Ukienda moja kwa moja kama kwenye tundu la keekee, tundu hilo limetobolewa na mtu. Mdudu hupinda njia.

Mpenda_Njumu
Nimerudi na tochi na sumaku. A: chini mistari iliyonyooka, haina vanishi, kifuniko kina ufa wa mm 4 kati ya mbao mbili, reli za droo zimelika. Sumaku inashika njumu za mbele zote. Za kifuniko haishiki hata moja. Kuna matundu madogo pembeni ya njumu za mbele. B: mapinde chini, skrubu za msalaba zenye tundu moja, vijiwe vyeupe kwenye ubao wa nyuma, rangi sawa kila mahali.

Fundi_Msaji
B ni mvule, si msaji, na ni jipya. Kama kiti cha sebuleni halina ubaya, lakini lilipiwe kama kazi ya seremala wa leo.

A ni kasha la kale lililovaa njumu mpya mbele. Yale matundu pembeni ni ya misumari ya kwanza. 1850 usiilipie, hakuna kilichoithibitisha. Nusu ya pili ya karne ya 19 hadi mwanzo wa karne ya 20 ndiyo ninayoweza kuisimamia, na Bara Hindi kama kukwangua kutaonyesha sesemi. Mwombe akupunguzie kwa ule upande wa mbele.

Tumbuu
Na usimruhusu alipige msasa "alisafishe" kabla ya kukukabidhi. Reli zile na sakafu kavu ndizo ushahidi wako wote.

Mzee_wa_Patasi
Kwa wa Mombasa na Lamu: sheria ya Kenya ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale. Kukitoa nje kunahitaji kibali, hata kama umekinunua kihalali.