Wakuu, Wamarekani ninaofanya nao kazi msimamo wao siuelewi, naombeni ushauri

Mbeba Boksi:
Habari zenu wakuu. Nipo Missouri, napiga kazi ghalani kama wengi wetu. Muda wa lanchi meza yetu siasa haikauki, na kuna mzee mmoja wa forklifti kofia nyekundu ya Trump haivui hata kwenye joto, huyo nilishajua yuko upande gani nikamalizana naye. Sasa juzi namsikia anawaporomoshea matusi wabunge wa chama chake mwenyewe, eti 2024 alipigia kura kima cha chini dola 15 kwa saa na likizo ya ugonjwa yenye malipo, ikapita kwa zaidi ya asilimia 57, halafu 2025 wabunge wakaifuta ile likizo na gavana akasaini. Nikacheka kimoyomoyo, si ndo haohao uliowachagua babu? Na uchaguzi uleule Trump alibeba jimbo kwa asilimia 58 huku wapiga kura wakiingiza haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Sasa hawa tuwaweke wapi? Shida wananigeukia "we unaonaje", nabaki natafuna tu. Nijibu nini nisiharibu kibarua?

Chapa Ilale:
Waambie kimombo hakipandi, endelea na msosi 😂

Bi Mkubwa wa Ohio:
Mdogo wangu wala usiumize kichwa. Chama huku ni Simba na Yanga, mtu karithi kwa baba yake, lakini ukimgusa kwenye mshahara ushabiki unaisha hapohapo. Huku kwetu Trump kashinda mara zote tatu, ila Novemba 2023 tulipitisha haki ya kutoa mimba na bangi siku moja, zote kama asilimia 57. Na hao wa kwako 2018 waliikataa sheria ya kudhoofisha vyama vya wafanyakazi, theluthi mbili walisema hapana, Republican, yaani watu wa chama cha Trump, wengi tu wamo. Kwa hiyo ukiulizwa usitaje jina la mwanasiasa, rudisha swali: bima wanakukata ngapi? kodi ya nyumba imepanda? Wataongea mpaka kengele ilie na wewe umeshakula.

Msomi wa Kijiweni:
Naongezea hapo kwa Bi Mkubwa. Usishangae wananchi wanataka kitu na hawakipati. Kukagua historia ya kila mnunuzi wa bunduki kura za maoni zinaonyesha zaidi ya asilimia 80 wanaunga mkono miaka nenda rudi, ila 2013 muswada wa kupanua ukaguzi huo ulipata kura 54 Seneti na zilitakiwa 60, ukafa pale. Ila kwenye uchumi usimwamini mtu wa chama chochote, rais akibadilika tu aliyekuwa analia njaa anasema mambo safi na aliyekuwa anasifia anaanza kulia, bei dukani ni ileile.

Kaka wa Houston:
Mnamdanganya dogo. Mshahara sawa, ila ikija mada ya wahamiaji hapo meza inageuka, na wewe ndo mhamiaji mwenyewe. Kula ukanyooshe mgongo kwenye gari.

Msomi wa Kijiweni:
@Kaka wa Houston, hata hilo linayumba. Kura za maoni za kampuni ya Gallup 2024, waliotaka wahamiaji wapunguzwe walikuwa asilimia 55, 2025 wakashuka hadi 30. Mwaka mmoja tu! Ila kweli meza ya lanchi sio Gallup, pale unakaa na watu sita na mmoja wao ndo anakupangia shifti.

Mbeba Boksi:
Asanteni wakuu. Nimemuuliza mzee habari ya bima, kafunguka lanchi nzima, kumbe mkewe ana kisukari na insulini ndo inawamaliza. Mwisho akanishika bega eti mwaka huu twende wote tukapige kura. Mi nina grini kadi tu, kibali cha kuishi huku, uraia bado, inakuwaje hiyo?

Bi Mkubwa wa Ohio:
WEWE! Usithubutu hata kujiandikisha, uchaguzi wa shirikisho ni wa raia tu, utajikuta unarudishwa nyumbani. Mwambie mzee asubiri uape kiapo cha uraia.